Makopo Manne ya Kiongoroni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka viganja hunitoka jasho. Nilikuwa nimesimama katika ofisi ya posta ya Kibiti, mkonga wa simu sikioni, foleni ya watu nyuma yangu, na mtu aliye ng'ambo akiniuliza swali ambalo jibu lake ninalo na sithubutu kulitoa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilijiona msomi kweli kweli. Nakusimulia kwa sababu juzi ulikuja kunionyesha koti lako jeupe la maabara, ukazunguka nalo sebuleni kama bibi harusi, nami nikafurahi nawe. Sasa kaa uisome barua hii ya bibi yako mpaka mwisho, kwa kuwa koti hilo halimzuii mtu kufanya nililolifanya mimi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa Kibiti mpaka ukingoni mwa barabara, na kila wiki anashuka mgeni mwenye begi la ngozi kuulizia ardhi. Wengi macho yao yalikuwa delta, kule Mto Rufiji unapoingia baharini. Palikuwa na watu waliotaka kuikata mikoko na kuchimba mabwawa ya kufugia kamba, wakidai ardhi ya kule imekaa bure. Waliokuwa wakilima mpunga kule walisema haijakaa bure. Wakubwa wa ofisini wakaona wasikate shauri kwanza, iletwe ripoti ya udongo.

Kazi hiyo akapewa Dokta Kalinga, mtaalamu wa udongo kutoka chuo kikuu. Alikuwa mtu wa Iringa, amezaliwa kwenye baridi, na Kibiti alikuwa akitoka jasho mpaka miwani inamteremka puani. Akaniajiri mimi kuwa msaidizi wake kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, na kwa sababu mtoto wa wakulima wa kijijini Mkongo haogopi matope. Kazi yangu ilikuwa kushindilia bomba ardhini, kulichomoa na tope lake, kujaza kopo, kuandika daftari. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na yeye aliupenda mno mwandiko huo. Kila akipokea ukurasa wangu alikuwa akisema, "Somoe, wewe ungeandika hata hati za kusafiria."

Chuoni kwao kulikuwa na mashine ndogo ya eksirei, lakini hiyo ilitaka unga mkavu, tena isingeona vitu vilivyo haba sana ndani ya tope. Dokta alikuwa ameomba kwa miaka miwili nafasi kwenye mashine kubwa ya Ulaya. Alinichorea mchangani kwa kijiti: pete kubwa, mtu akiizunguka kwa miguu anachoka, na ndani yake elektroni zinakimbizwa kwa kasi isiyosemeka. Kila zinapopindishwa njiani zinatoa eksirei kali mno. Eksirei hiyo ikipita kwenye tope bichi lililotiwa ndani ya kijibomba chembamba cha kioo, inatawanyika na kuacha maduara kwenye filamu, na kila madini yana maduara yake yasiyofanana na ya mengine. Kwa hiyo wangeweza kusoma tope la Rufiji jinsi lilivyolala kwetu, bila kulikausha wala kulichokonoa. Amepewa siku tatu tu za kutumia mashine. Baada ya hapo wanaingia wengine, na yeye angerudi nyuma ya foleni.

Na jambo lenyewe lililokuwa linatafutwa ni hili. Tope la mikoko lina chuma na salfa ndani yake. Likikaa chini ya maji, bila hewa, limetulia, halimdhuru mtu. Likichimbwa likapigwa na hewa na jua, linageuka asidi, na ndani yake yanazaliwa madini ya rangi ya manjano. Mashine ikikuta tope limetulia, ripoti ingesema msichimbe, mtaunguza mashamba ya watu. Ikiyakuta yale madini ya manjano kwenye tope bichi, ripoti ingesema ardhi hii imeshajiharibikia yenyewe, chimbeni mtakavyo. Haya yote nilikuja kuyaelewa baadaye. Wakati ule Dokta aliniambia kwa kifupi tu, kopo lijazwe mpaka mdomoni, lizibwe kwa nta, lisiingie hewa. Nikadhani ni mbwembwe za wasomi.

Tukachukua makopo kumi na mawili. Nane yalitoka vijiji vingine vya delta, na manne ya mwisho yalitoka Kiongoroni, kule karibu kabisa na bahari, pembeni ya shamba la mjane mmoja aitwaye Bi Mwanahawa. Siku hiyo Dokta alikuwa na homa amebaki Nyamisati, kwenye gati la boti, nikaenda peke yangu na nahodha wa boti. Bi Mwanahawa alinipokea vizuri, akanivusha kwenye tuta la shamba lake kwa kunishika mkono. Mpunga ulikuwa umempita kiuno. Alisimama akinitazama nikisukuma bomba, kisha akasema:

"Chukueni, mwanangu. Ila msije mkauanika udongo huu."

"Kwa nini, bibi?"

"Unakasirika. Marehemu mume wangu alichimba mfereji pale, tope akalimwaga ukingoni. Tangu mwaka huo hapaoti hata nyasi. Mguu ukiwa na kidonda ukapakanyaga, unawaka moto."

Nikamwitikia, "Ndiyo bibi, tumesikia," na nilipogeuka nikamkonyeza nahodha, tukacheka. Udongo unakasirika! Bi Mwanahawa aliona. Aliokota jembe lake akaenda zake.

Nyamisati, wakati wa kushusha mzigo, kreti likaniponyoka. Nilikuwa nimevaa viatu vipya vya mtumba na sikutaka vilowe, nikawa natembea kwa madaha kwenye ubao badala ya kuingia majini kama watu wote. Kreti likapiga ukingo wa gati. Makopo manane yalikuwa salama, vifuniko vinne vikapasuka, na bila shaka umekwisha kujua vilikuwa vya wapi. Nikavifunga kwa mifuko ya nailoni nikanyamaza. Dokta alikuwa bado na homa, akapitiliza Dar es Salaam kushughulikia safari yake, nami nikaenda Kibiti kumsubiri na mzigo. Angerudi kuuchukua baada ya wiki tatu.

Nilipanga kwenye gesti ya Mama Leokadia, mtu wa Bukoba, mama mkali aliyekuwa akisugua sakafu yake mara mbili kwa siku. Siku ya pili tu akanigongea mlango, pua ameiziba kwa kanga.

"Binti, humu ndani umeficha mayai viza?"

"Ni sampuli za kazi, mama."

"Kazi gani inayonuka hivi? Wateja wangu wanahama. Kesho harufu itoke, au utoke nayo."

Sasa sikiliza kosa lenyewe, mwanangu. Kwetu sisi, kitu kibichi ni kitu kinachokwenda kuoza. Kamba tunaanika. Samaki tunaanika. Mpunga, ufuta, muhogo, vyote juani. Tangu utoto nilijua kwamba kuanika ndiyo kuokoa. Nikayatazama yale makopo manne yanavuja maji meusi, nikajiambia haya yanaharibika, na mimi ndiye wa kuyaokoa. Nikaazima sinia la bati kwa Mama Leokadia, nikaligawa sehemu nne kwa vijiti, nikatandaza tope, nikaliweka ua wa nyuma. Kila asubuhi nililigeuza kwa mkono kama mtu anayegeuza mpunga kwenye jamvi. Harufu ikaisha. Mama Leokadia akaanza kuniita mwanangu. Nakwambia kweli, nilijisifu.

Wiki ya pili nikaona vitone. Kwanza vichache, kisha vingi, rangi ya manjano, juu ya tope ambalo mwanzo lilikuwa la kijivu. Wiki ya tatu sinia likatoboka. Siyo kutu ya kawaida, lilikuwa limeliwa, ukiliinua unaona mwanga upande wa pili. Mama Leokadia alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Mimi nilisimama pale na sinia mkononi, na maneno ya yule mjane yakanirudia yote, mpaka la kidonda na moto. Nikajua nimeharibu.

Na hapo ndipo palikuwa na mlango wa kutokea, mwanangu, tena wazi kabisa. Zilikuwa zimebaki siku mbili Dokta afike. Ningeweza kwenda posta nikampigia. Ningeweza kupanda lori nirudi Nyamisati, nipande boti. Badala yake nikafanya nini? Nikakwangua vile vitone, nikaliponda tope, nikatia maji ya kisima, nikakoroga, nikayajaza makopo manne mapya mpaka mdomoni na kuyaziba kwa nta ya mshumaa. Kisha nikafungua daftari, na kwa ule mwandiko wangu mzuri nikaandika mbele ya kila moja: *bichi, halijaguswa*. Dokta alipokuja alilisoma ukurasa hadi ukurasa, akanipiga begani, akasema nimemheshimisha. 

Alichukua nakala ya daftari, lenyewe akaniachia. Tulikuwa tumepatana kwamba akiwa kule kwenye mashine angenipigia simu posta ya Kibiti, siku ya pili na ya tatu, saa nane mchana, kama kutakuwa na la kuulizia daftari. Nilimwomba Mungu asipige. Siku ya pili ikalia.

"Somoe? Unanisikia? Makopo manane yako sawa, tope limetulia kabisa. Lakini manne ya Kiongoroni yana madini ya manjano. Mengi. Ama ardhi ya pale imekwisha kufa, ama makopo yalikauka njiani. Daftari linasemaje?"

"Linasema bichi, Dokta."

"Nakuuliza wewe. Daftari tunalo sote."

Nyuma yangu mtu alikuwa anakohoa. Niliitazama ile kaunta ya mbao, nikaona jina la mtu limechongwa kwa kisu.

"Yalikuwa mabichi," nikasema.

 Akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Basi Kiongoroni imekwisha. Sikutegemea. Kesho namalizia, nitaandika hivyo."

Nilirudi gesti nikakaa kitandani. Nilimwona Bi Mwanahawa na mpunga wake wa kiunoni, nikamwona mtu mwenye begi la ngozi akimwonyesha karatasi yenye mhuri: bibi, mashine ya Ulaya imesema shamba lako limekufa. Naye angejibu nini? Angesema mbona nalima? Nani angemsikiliza? Na si yeye peke yake, ni Kiongoroni nzima. Upande mwingine nikajiona mimi nimefukuzwa kazi, narudi Mkongo na sanduku kichwani, baba aliyeuza magunia ya mpunga kunisomesha amesimama mlangoni. Nilishindwa kula siku ile, na asubuhi yake nilishindwa hata chai.

Siku ya tatu nilifika posta saa saba. Saa nane ikafika, simu kimya. Saa nane na nusu ikalia, nikaruka, kumbe ya mfanyabiashara wa ufuta. Akaishikilia weee, anabishana na mtu wa Dar es Salaam, na mimi naitazama saa ya ukutani nikitamani kumnyang'anya mkonga. Saa tisa. Saa tisa na nusu. Karani wa posta, kijana mpole, akaanza kufunga madirisha. "Dada, leo nadhani basi," akasema. Nikamwambia nipe dakika kumi. Nikamwambia kwa haki ya Mungu nipe dakika kumi. Akakaa. Kama simu isingelia, ripoti ingeandikwa, na mimi ningebaki na jambo hilo mpaka kaburini.

Ikalia. Laini ilikuwa mbovu, inavuma, sauti ya Dokta inakuja na kupotea.

"Dokta, makopo ya Kiongoroni," nikasema kwa kunong'ona, maana watu walikuwa bado hawajatoka. "Niliyaanika."

"Sikusikii! Sema kwa nguvu!"

"Niliyaanika."

"Nini? Rudia!"

"NILIYAANIKA!" nikapiga ukelele. "YALIPASUKA NIKAYAANIKA JUANI! NIKATIA MAJI! NILIKUDANGANYA, DOKTA!"

 Yule wa ufuta aligeuka na mdomo wazi. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta, mmoja umeshika simu, mwingine umeshika kaunta.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Kumi na tisa."

"Maji gani?"

"Ya kisima."

Laini ikavuma kwa muda mrefu. Nilidhani imekatika. Kisha akasema, "Fungua daftari. Usifute. Piga mstari mmoja juu ya uwongo wako, usomeke, kisha andika ukweli pembeni kwa wino, na tarehe ya leo. Nina saa sita zimebaki kwenye mashine na sina tope la Kiongoroni la kutia humo." Hapo ikakatika kweli.

Hakunifukuza, mwanangu. Lakini kwa mwaka mzima hakuusifia tena mwandiko wangu, na hilo liliniuma kuliko kufukuzwa. Ripoti ikatoka, ikasema juu ya vile vijiji vingine: tope limetulia, msilichimbe. Mahali hapo hakuna aliyegusa kitu. Kuhusu Kiongoroni, Dokta hakuandika kwamba imekufa, kwa hiyo kijiji hakikugawiwa. Aliandika kwamba hakuna sampuli inayoaminika, na kwenye ramani yake akapaacha peupe. Na watu wenye haraka wanapenda sana mahali peupe kwenye ramani. Walipochimba bwawa moja la majaribio, walichimba pale ambapo hakuna karatasi iliyowakataza, nyuma ya tuta la Bi Mwanahawa. Tope likarundikwa ukingoni. Masika yakaja yakaliosha likaingia shambani, na mpunga wake ukaungua kwenye mizizi. Bwawa lenyewe likafa baada ya msimu, wakaondoka. Shamba halikurudi.

Nilipopata habari nilikwenda. Nilimwomba nahodha asinisemeshe. Nilimkuta uani anapepeta, nikapiga magoti nikampa shikamoo, akaitikia. Nikamweleza yote, tangu viatu vyangu vya mtumba mpaka simu. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliweka ungo chini.

"Nilikwambia udongo ule hauanikwi."

"Ulinambia, bibi."

"Ukacheka na mwenzio."

"Nilicheka. Nisamehe."

"Hilo nilisamehe siku ile ile. Vijana mwacheka." Akanitazama sana. "Ninachokuuliza mie ni hiki. Makopo yalipopasuka, mbona hukurudi? Tope lilikuwapo hapa tele. Ningekuchotea jingine mwenyewe."

Nikahesabu siku, mwanangu.  Siku kumi na tisa nilizokuwa nikigeuza tope kwenye sinia, na siku mbili za kulikoroga kwa maji ya kisima, zote zingetosha kwenda na kurudi Kiongoroni mara nne. Mwanamke yule alinyanyuka, akaingia jikoni, akanipakulia wali na samaki, kwa sababu nilikuwa mgeni na nimetoka mbali. Akauweka mbele yangu.

"Kula," akasema. "Wa kununua huo, wa soko la Ikwiriri."

Nilikula nikamaliza.

Basi neno langu kwako ni hili. Huko uendako utaharibu kitu, hilo usilitilie shaka, hata uwe makini namna gani. Kitakuponyoka, kitamwagika, utasahau kukifunga. Usiku huo usilale nalo. Mwendee anayehusika siku hiyo hiyo ukamwambie, hata kama sauti inatetemeka, maana siku hiyo bado kuna mengi ya kufanya, na kila siku unayoongeza unamtwisha gharama mtu asiyejua kama upo. Andika ulichokiona, usiandike unachotaka wakione. Ukikosea kuandika, usifute. Na mtu ambaye hakuingia darasani akikwambia habari ya ardhi yake, muulize kwa nini, umsikilize mpaka mwisho, kabla hujamtafuta wa kumkonyeza.

Mungu akupe mkono usiotetemeka, mwanangu, na siku utakapotetemeka akupe ulimi wa kusema. Akuwekee juu yako wakubwa wanaouliza mara ya pili. Akulinde usije ukala chakula cha mtu uliyemponza. Nenda, mjukuu wangu, nenda na radhi zangu zote.